Kichwa cha Nyegere

Mimi ni fundi wa magari hapa Kayole, mwaka wa kumi na tisa sasa. Grisi hainitii kinyaa. Nimewahi kulala chini ya lori lililokanyaga mbwa, nikafungua boliti zake zote huku natafuna mahindi ya kuchoma. Lakini ile Jumapili kule machimboni niliona kitu kilichonitia kichefuchefu mpaka leo, na kitu chenyewe kilikuwa karatasi moja na kalamu ya buluu.

Ngoja niwaeleze vizuri, nisije nikaanza kutukana kabla hamjaelewa.

Mbele ya Kayole kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa, na kila mwezi tunashindanisha magari humo. Ni magari ya kawaida, maana yake injini ibaki vile ilivyotoka kiwandani. Ukiichokora, umeiba. Sheria nzuri hiyo, sina ugomvi nayo. Anayemaliza msimu akiwa wa kwanza, na awe hajafikisha miaka ishirini na mitano, kuna timu kubwa inamchukua kuwa dereva wa mbio za nchi nzima. Mtu mmoja tu. Kaluki wangu alikuwa na ishirini na minne, na Novemba anatimiza. Kwa hiyo ilikuwa Jumapili hiyo, mbio za mwisho za msimu, au basi.

Nasema Kaluki wangu, ingawa baba yake yupo, Mzee Mutunga, mchongaji wa vinyago. Kaluki ni karani wa stoo kiwandani, na kila jioni kwa miaka minne alikuja gereji kwangu, tukaijenga ile Starlet kuukuu tangu ikiwa bodi tupu yenye kuku ndani. Kuku kweli, mwenye nayo alikuwa anafugia. Nilimfundisha injini, yeye akajifundisha kona. Na binti huyo kwa kona, jamani, acha tu.

Msimu ulipoanza, kile kirungu cha gia anachoshika dereva kilipasuka. Mzee akamchongea kingine kwa mpingo, kichwa cha nyegere, masikio madogo, meno nje. Nyegere ndilo jina la Kaluki nyumbani tangu utotoni, kwa sababu akishika kitu haachi. Mzee alikipenda kichwa hicho kuliko kazi zote alizowahi kuuza. Kila baada ya mbio aliingia garini akakipangusa vumbi kwa leso yake.

Jumapili hiyo Kaluki alishinda. Alimwacha Wathome kwa sekunde nne, na wa tatu alikuwa bado anazunguka nyuma huko kama amepoteza funguo. Nilipiga ukelele mpaka sauti ikakauka.

Huyu Wathome si kijana mbaya, hata hunisalimu, "Niaje, fundi?" Ila baba yake ndiye analeta mahema, ambulensi na spika. Mnaelewa. Basi baada ya mbio magari ya mbele hukaguliwa, na wakaanza na la Wathome. Wakafungua injini, wakapima. Kumbe limechongwa kichwa! Sisi watu wa magari tukisema gari limechongwa kichwa, ni kwamba kile kipande cha juu cha injini kimepelekwa kwa mashine kikapunguzwa, ili mlipuko ubane zaidi na gari liruke. Hilo la Wathome lilipunguzwa zaidi ya milimita nzima. Nilikiona kipimo kwa macho yangu.

Kamati ikaingia nyuma ya hema, ikatoka ikijifuta soda midomoni. Mwenyekiti wetu anaitwa Mulongo, mtu wa miwani na koti hata jua likiwaka. Akatangaza, "Adhabu ni sekunde kumi. Inawezekana kijana aliinunua injini ikiwa hivyo."

Sekunde kumi! Wa tatu alikuwa amebaki nyuma dakika nzima, kwa hiyo Wathome akabaki wa pili kama ambaye hajafanya kitu. Nilisonya. Lakini nikajiambia, Nasike, nyamaza, wewe umeshinda, kesho mtoto anaitwa na timu. Nikaenda kutafuta maji ya rejeta.

Hapo ndipo nilipokosea, kumwacha Mzee peke yake na gari.

Kiilu, katibu wa kamati, alikuja na fomu yake akamkuta Mzee ameketi kwenye kiti cha dereva anapangusa nyegere. Kiilu ni mtu wa kwao kabisa, wanasali kanisa moja, anajua Mzee hula kwa tezo na patasi. Kaluki alikuwa amesimama hapo nje akivua kofia ya chuma, ndiye aliyenisimulia.

"Mzee, hili gari limechongwa kichwa?" Kiilu akauliza.

"Eeh!" Mzee akajibu, uso ukamng'aa. "Nimekichonga mimi mwenyewe."

"Wewe mwenyewe? Kwa mashine?"

"Mashine ya nini? Kwa tezo. Siku tatu."

"Weka sahihi hapa, mzee wangu."

Kaluki akapiga kelele, "Baba, ngoja!" Lakini Mzee ni mtu wa heshima, akiombwa sahihi na mtu wa kanisani hutoa. Niliporudi na mtungi wangu wino ulikuwa umeshakauka.

Mulongo akasoma kwenye spika. Gari la Kaluki limekiri kuchongwa kichwa, limeondolewa kwenye matokeo ya leo na ya msimu mzima. Mshindi ni Wathome.

Woi! Nilimwendea Mulongo nikiwa bado na mtungi mkononi. "Mwenyekiti, alisema kwa tezo! Nani kwenye dunia hii amewahi kuchonga chuma kwa tezo?"

"Fomu haina mahali pa tezo," akasema.

"Basi fungueni injini mpime, kama mlivyompimia mwenzake!"

"Fundi, mtu akishakiri hatuna haja ya kupima. Tutapoteza wakati wa watu."

Wakati wa watu! Watu wenyewe walikuwa wanakula mutura wakingoja kikombe kitolewe. Nilitandaza gunia, nikachukua spana, nikafungua injini mwenyewe mbele ya kila mtu. Kaluki akanisaidia, kila boliti aliitoa akaipanga kwa zamu yake kama nilivyomfundisha. Nilipokinyanyua kile kichwa cha injini kilikuwa bado cha moto, kikaniunguza kiganja, sikujali. Nikakiweka mezani kwa Mulongo, nikamnyang'anya Kiilu kipimo chake nikapima. Kizima. Vile vile kilivyotoka kiwandani, hakijapungua hata unywele. Umati ukaguna.

Mulongo alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Umefungua injini bila ruhusa ya kamati," akasema. "Hilo ni kosa la pili. Gari na dereva, miaka miwili nje."

Nikasikia mate yamenijaa mdomoni. Sikutema, ila nilitaka sana.

Kaluki hakulia. Aliuliza taratibu, "Yule ambaye chake kimechongwa ni sekunde kumi. Mimi ambaye changu ni kizima ni miaka miwili?"

"Msichana, usilinganishe makosa," Mulongo akamjibu, akageukia hema.

Mzee Mutunga alikuwa amesimama nyuma yetu wakati wote huo, kofia mkononi. Nadhani ni hapo tu alipoelewa alichotia sahihi. Akaenda garini, akakizungusha kile kirungu mpaka kikatoka, akarudi akakiweka mezani kando ya kile cha chuma.

"Kichwa nilichochonga ni hiki," akasema. "Kipimeni."

Kiilu akakichukua. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye meno. Akatabasamu, shetani yule! "Aki ni kizuri," akasema. "Mzee, unaweza kunichongea kama hiki? Nikiweke kwa gari yangu."

Mnaona? Alijua. Alijua tangu mwanzo ni kichwa gani.

Miaka yote sijawahi kumsikia Mzee akipandisha sauti, na hata hapo hakupandisha. "Naweza," akasema. "Lakini andika kwanza kwenye ile karatasi ni kichwa gani."

Kiilu akamtazama Mulongo. Mulongo alikuwa ameshika kikombe, anamtafuta Wathome kwa macho. Kiilu akakirudisha kile kirungu mezani, akafunika kalamu yake.

Walipokunja mahema tulikusanya injini yetu vipande vipande, tukaifunga kwa gunia na kuitia nyuma ya gari. Kaluki alikirudisha kichwa cha nyegere mahali pake, akakikaza sana, akashika usukani. Mimi na Mzee tukasukuma. Ni mbali kutoka machimboni hadi gereji, na njia yote ni mawe.

Tulipofika kwenye lami Mzee akasimama kupumua. Alikuwa analia bila sauti, anajifuta kwa ile leso yenye vumbi la nyegere.

"Nasike, niambie," akasema. "Kile ni kichwa. Na nilikichonga. Ningesema nini?"

Nikaegemeza bega kwenye gari, tukaendelea kusukuma.