Marehemu wa Sura ya Saba

"Hivi shoga, ile sumu uliitia kwenye uji au kwenye dawa?" jirani alimuuliza mjane siku moja wakianika nguo. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amefika sura ya saba ya riwaya na alitaka kuelewa vizuri.

Mjane alibana shuka kwenye kamba, akajibu kwamba mumewe alikufa kwa figo. Jirani akaitikia, "Naam, naam," lakini tangu siku hiyo hakuonja tena kitu cha mkono wake.

Riwaya hiyo ilikuwa ya mdogo wa huyo mjane, mwandishi maarufu, wa tumbo moja naye. Alibadilisha jina la dada yake, mengine yote akayaacha yalivyo: mguu unaochechemea, kibanda cha chai, mume fundi redio. Sumu tu ndiyo aliyoongeza. Wateja wa kibanda wakahama mmoja mmoja, wengine wakiaga kwa adabu kabisa.

Kwa hiyo maktaba ilipoandaa jioni ya kuchangisha fedha za paa lake linalovuja, mgeni rasmi akiwa huyo mdogo wake, mjane alijitolea kupika chai. Alitaka jambo moja: ndugu yake atamke mbele za watu kwamba dada yake hakuua. Alisali, akajifunga kitambaa chake kizuri, akaenda.

Watu walijaa. Birika nalo likabaki limejaa. Mwandishi akafungua sura ya saba, na alipofika pale mume anapokata roho, mume mwenyewe akaja. Alivaa koti lake la kazini, bisibisi mfukoni. Karani wa mlangoni akamdai tiketi.

"Mimi nimo kitabuni," akasema marehemu.

Karani akatazama jalada, akamtazama yeye. "Basi pita. Kaa mbele, huku nyuma kunavuja."

Marehemu alianzia kwenye birika. Akanywa kikombe, akaongeza kingine. "Mke wangu, chai yako bado haina mpinzani."

"Sukari haikukolea," mjane akasema. "Kamati ndiyo iliyonipimia."

Kisha marehemu akaomba kusema. "Mimi nilikufa kwa figo. Huyu mama alikesha nami, akanigeuza kitandani, akaniombea mpaka sauti ikamkauka. Shemeji, hiyo sumu umeitoa wapi?"

Makofi yakalipuka. Mwalimu mstaafu alisema hajawahi kukutana na mhusika aliyechorwa vizuri namna hii. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Unaona anavyomwogopa mkewe? Hata kuzikwa kazikwa, bado anamtetea!"

Mjane akamsogelea ndugu yake. "Umesikia. Sasa sema wewe."

"Dada, nikisema nitakiharibu kitabu. Hadithi ni hadithi, kila mtu anajua."

"Jirani yangu hajui."

"Nitamletea nakala yenye sahihi."

Hapo mwenyekiti wa kamati akaingilia kati, mikono kifuani kwa unyenyekevu. Alimwomba marehemu aketi kando ya mwandishi, watie sahihi pamoja. Vitabu vya sahihi mbili vingegombewa, na kabla ya mvua kubwa paa lingekuwa limekwisha kuezekwa.

Marehemu akamtazama mkewe, akaitazama foleni. Siku zote alipenda watu.

"Kwa ajili ya paa tu," akasema, akavuta kiti. "Niandike wapi?"

"Hapa, baba," wa kwanza kwenye foleni akamwambia, akimfunulia kitabu. "Pale unapokunywa uji."

Akainama akaandika, ncha ya ulimi nje kidogo, kama alivyozoea akichomelea waya. Jina lake likakaa vizuri, kwa mwandiko safi, chini tu ya neno sumu. Akapuliza wino ukauke, akapokea kitabu kingine.

Mjane alisimama pembeni akingoja ainue macho. Marehemu alikuwa anamuuliza mtu jina lake linaandikwaje.

Mjane akachukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, akatoka.