Pale Feni Iliposimama

…halafu taima, saa ya ndani ya chipu, inaanza sifuri, inapanda mpaka mia mbili hamsini na tano, inaporomoka, inaanza tena, maelfu ya mara kwa sekunde, na kazi yangu ni kuiambia tu chipu feni ipewe umeme hadi hesabu ya ngapi, mpigo mpana upepo mwingi, mpigo mwembamba upepo kidogo, basi, si jambo la kumtoa mtu jasho, na wifi yangu anaendelea kuongea simuni, nimeiweka spika kando ya kompyuta, anasema mimba imefika miezi saba, daktari anamwambia apumzike, kaka yako sasa hata ndoo hataki niinue, anacheka, “Wifi, upo?” nipo, nipo, nakusikiliza, na fundi mwenzangu tunayemwita Solda ananipitia nyuma na bisibisi mdomoni, “Nguvu zote umejaribu?” hajui chochote huyu, anauliza tu kama fundi yeyote, ndiyo Solda, nimejaribu, mara arobaini tangu asubuhi, kwa sababu safari ile ya kwanza nilijaribu nusu ya nguvu, nikajaribu robo tatu, nikasema hiyo inatosha, ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na haraka zangu ambazo leo hata sizikumbuki, na inkubeta, sanduku la joto ambalo feni hii huzungusha hewa yake, ikapelekwa wodi ya watoto njiti, na miezi miwili baadaye aliyelazwa ndani yake alikuwa Punje, mtoto wa kaka yangu, tulimwita Punje kwa udogo wake, kiganja cha baba yake kilimtosha kitanda, na alasiri moja mashine ikaomba upepo wote, na hesabu yangu ikatoa mia mbili hamsini na sita, moja tu imezidi, na chipu haigombi, chipu haina ndugu, nafasi ikijaa inarudi sifuri, ndiyo maana feni ilipoambiwa ikimbie kwa nguvu zote ilisimama kimya… king’ora kililia, muuguzi alikimbia, akamtoa, alikuwa anapumua, jamani alikuwa anapumua, akaishi siku tatu zaidi, na daktari akasema mapafu, mtoto alikuja mapema mno, na pengine ni kweli, pengine ni mapafu, hilo ndilo linalonila, pengine, tukatoka mazikoni nikaja moja kwa moja hapa, nikiwa bado na udongo kwenye viatu, nikaifungua programu, nikaiona ile moja, nikaifuta, nikaenda wodini nikaziwekea mashine zote programu mpya, nikasema ni matengenezo ya kawaida, na tangu hapo kila feni inaponyamaza, ya ofisini, ya benki, shingo inaniingia baridi, na wifi yangu akawa ananishika mkono mbele za watu, huyu ndiye aliyetengeneza mashine ya mwanangu, alijitahidi shangazi wa watu, nami nainama wanadhani ni unyenyekevu… “Wifi, nakuuliza.” Unasemaje? “Nasema, huyu naye akiwahi kutoka kama mwenzake, nimpeleke pale pale? Mashine ni zile zile? Niambie wewe unayezijua, wewe ndiye ninayekuamini,” na ulimi wangu tayari umeshaliandaa jibu, mashine ni nzima wifi, usiwe na wasiwasi, tena ni kweli tupu, ni nzima, nimezipima kwa mkono wangu, ningeweza kulisema na kuapa, na hapo ndipo ninapoona miaka miwili nimejidanganya kwamba nimenyamaza ili nisimtoneshe kidonda, kumbe niliyekuwa namlinda ni mimi, nilitaka aendelee kunishika mkono, na sasa anataka kuweka mtoto wa pili juu ya imani ambayo nimemwibia, Solda ameshikilia kifuniko anasubiri nimruhusu afunge, feni inavuma vizuri, kila kitu kipo sawasawa, na nasikia sauti yangu ikisema, “Wifi, kaka yupo hapo karibu?” “Yupo, kwani nini?” “Mwite. Kaeni wote wawili. Kuhusu Punje kuna neno sikuwaambia.”