Maelezo Elfu Kumi na Moja

Maren Toews alipopewa kazi ya kuchagua zana mpya ya kutunza mabadiliko ya programu, alifurahi kama aliyekabidhiwa nchi. Alikuwa na miezi minne tu tangu amalize chuo. Alizijaribu zana tatu kwa wiki sita, akazipa alama: wepesi, usalama, urahisi wa kurudisha kilichoharibika. Moja ikazipita nyingine kwa mbali.

"Ukiendelea hivi, bibie, utatupa alama hata sisi," Garth alimtania kutoka meza ya pili. "Mimi nipe saba."

"Wewe sita, tena kwa huruma."

Katika ofisi ile ya Saskatoon, Kanada, iliyotengeneza programu za mizani ya maghala ya nafaka, hakuna aliyegusa mstari hata mmoja wa programu bila kuandika sababu. Orville Dyck, mwenzao mkongwe, ndiye aliyeianzisha desturi hiyo, na maelezo yake hayakuwa makavu. "Nimesahihisha uzito wa shayiri mbichi. Baridi inauma, gari la Lorna limegoma tena." Orville alifariki Machi. Mkewe Lorna, ambaye kazi yake ni kuzijaribu programu kabla hazijatoka, bado alisoma maelezo yake mawili matatu kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti.

Maren alilijua hilo. Ndiyo maana alihakikisha historia yote inahama. Akahesabu: maelezo elfu kumi na moja kwenye zana ya zamani, elfu kumi na moja kwenye mpya. Akatia sahihi. Ijumaa mashine iliyohifadhi maelezo ya zamani ikafutwa, pamoja na nakala zake.

Jumatatu Lorna alimwita kwa sauti ndogo. "Mwanangu, hebu njoo. Haya kaandika nani?"

Maren akainama kwenye skrini. Maneno yote yalikuwapo: baridi, shayiri, gari. Lakini juu ya maelezo yote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, palisomeka: Maren Toews, Alhamisi. Zana mpya ilikuwa imeandika kila neno kwa jina la yule aliyelihamisha, na kwa siku aliyolihamisha.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilihesabu tu. Majina sikuyaangalia."

Lorna hakumkemea. Afadhali angemkemea. Alivuta kiti cha pili, akakipigapiga. "Kaa. Mimi nitakwambia ni ya nani, wewe andika."

Wakaanza. "Haya ya Orville. Haya ya Garth, Garth hajui nukta inawekwa wapi." Garth alisikia, hakucheka. "Ya Orville. Ya Orville."

Kufikia saa sita mchana walikuwa wamemaliza mia mbili. Ndipo Lorna akakwama mbele ya sentensi moja fupi: Nimerekebisha kosa dogo. Akaisoma. Akavaa miwani, akaisoma tena, midomo ikicheza, kama anayejaribu kuisikia kwa sauti ya mtu.

"Haya," alisema mwishowe, "sijui kama ni ya Orville."

Maren aliinua vidole kutoka kwenye kibodi, akangoja.