Bunduki Isiyolia

Upepo uligeuka kabla ya saa nne asubuhi, na mashua ikaanza kuvuta kamba ya nanga kama mbuzi anayetaka kwao. Drusila akashika ukingo kwa mikono miwili.

Mbele yake, pale mto Susquehanna unapomwagikia ghubani, bata mia tatu wa mbao walipanda na kushuka juu ya mawimbi. Mumewe Lemueli ndiye aliyewachonga kwa mti wa mwerezi, kama baba yake alivyochonga. Yeye Drusila aliwapaka rangi. Hao, kwa kuwavuta bata wa kweli wa kuwindwa na kuuzwa, ndio waliowalisha. Katikati yao Lemueli alikuwa amelala chali na bunduki yake ndani ya sanduku lililozamishwa kwa bata wanane wa chuma, hata ukingo wake ukawa sawa na maji, ili ndege wasimwone.

Kazi ya kumlinda kwa mashua ilikuwa ya Enoki, mdogo wake Lemueli, lakini Enoki alivunjika mkono.

“Shemeji,” alikuwa amemwonya jana yake, “usimkaribie mpaka apunge kofia. Ukitimua ndege, atakununia mpaka Krismasi.”

“Ananinunia tangu harusi,” Drusila alijibu. “Nimezoea.”

Sasa hakuwa na mzaha. Mawimbi yalikuwa yakipanda juu ya sanduku, na kofia haikuonekana. Akienda bure, atavuruga kamba zote zilizowashikilia bata wa mbao na kuharibu kazi ya miaka. Asipokwenda je? “Bwana,” alinong’ona, “niambie niende au nikae.” Meno yaligongana kwa baridi.

Ndipo kundi la bata wa kweli likashuka, likatua hatua chache tu kutoka kwenye sanduku. Drusila akasubiri mlio wa bunduki. Bata wakajitikisa, wakaanza kuogelea kwa raha zao. Bunduki haikulia.

Aling’oa nanga akapiga makasia moja kwa moja katikati ya bata wa mbao. Kamba zikanasa kasia. Akazikata kwa kisu. Zikanasa tena, akakata tena, na ndege aliowapaka rangi mmoja mmoja wakaanza kwenda na upepo.

Maji yalimfikia Lemueli kifuani. Midomo ilikuwa ya samawati, vidole havikunjiki.

“Nani kakwambia uje?” alisema, ulimi mzito.

“Nyamaza, Baba Lida.”

“Wale bata wa chuma usiwatupe. Ni wa baba.”

Drusila aliwasukuma majini mmoja baada ya mwingine, akilia kwa woga, mpaka sanduku likainuka kidogo. Kisha akamkamata kwapani, akavuta. Mashua iliinama, maji yakaingia, naye akaamini wamekwisha. Lemueli akamwangukia miguuni kama gunia lililoloa.

Akamfunika kwa koti lake. Lemueli alitazama bata wakitawanyika kuelekea ghuba pana.

“Wanakwenda,” alisema.

“Waache waende.”

Macho yake yakaanza kujifumba. Pwani ilikuwa mbali bado, na upepo haukuwa umechoka. Drusila alijua mtu aliyepigwa na baridi akilala haamki.

“Sali,” alimwambia, akishika makasia. “Kwa sauti, nikusikie.”

“Baba yetu uliye mbinguni,” alianza, polepole, na Drusila akapiga kasia kwa kila neno. Lemueli alipofika kwenye “utupe leo riziki yetu” akanyamaza, akawatazama tena bata.

“Endelea,” Drusila alisema. “Lemueli, endelea.”

Midomo ya Lemueli ikatikisika. Drusila hakuondoa macho juu yake, akavuta makasia kuelekea pwani.