Siku ya Kufua Mapazia

Furaha nayo ina vituko vyake. Tangu kitindamimba wake apige simu kusema kwamba leo, saa kumi na moja jioni, atasoma hali ya hewa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, mama hakutulia. Alifua mapazia, mashuka, vitambaa vya makochi, hata kile cha kufunikia televisheni yenyewe. Mtoto asije akatokea sebuleni akakuta nyumba chafu! Alijua fika kwamba aliye ndani ya kioo haoni kitu, lakini alifua.

Mchana picha ikaanza kukatika vipande vipande, kisha kioo kikawa cheusi na maneno mawili tu: mawimbi hafifu.

Saa kumi fundi wa antena alikuwa juu ya paa la zege, na mama chini, akimsomea kupitia dirisha namba ya nguvu ya mawimbi iliyoonekana kwenye kioo. Bila mapazia, mwanga wa alasiri ulijaa chumba chote, mzito na wa manjano, hata akajiona kama anaota macho wazi.

"Ngapi, mama?"

"Ishirini na mbili!"

Fundi akabadilisha kiungio. "Sasa?"

"Ileile!"

Akabadilisha waya wote kutoka kwenye antena hadi dirishani.

"Ishirini na tatu!"

"Basi tunapaa," fundi alitania. "Kwa mwendo huu tutampata mwakani."

Mama hakucheka. Miaka miwili hakuwa amemtia mwanawe machoni, na hali ya hewa ya leo hairudiwi kesho.

Upepo ukapita dirishani taratibu. Kisha namba zikaanza kupanda zenyewe: ishirini na tano, ishirini na nane, thelathini na moja. Mama akaduwaa, akahisi kuna mkono huko juu unaigeuza antena polepole, mkono anaoujua.

"Fundi! Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, mama. Nakunywa maji!"

Upepo ukavuma tena. Thelathini na nne. Hapo ndipo akili ilipomrudia.

"Mapazia!" alipiga kelele. "Yanakauka!"

Kamba ya kuanikia ilitoka kwenye tangi la maji hadi kwenye mlingoti wa antena. Nguo za siku zote ni nyepesi, lakini leo nyumba nzima ilikuwa inaning'inia pale, imelowa, imeuvuta mlingoti ukapinda. Fundi akaanua kila kitu. Namba ikafika arobaini, ikagoma.

"Kamba imekaza, mlingoti haurudi," alisema. "Nikate?"

"Usikate!"

Mama alipanda ngazi akihema. Kamba ile ilifungwa na marehemu mumewe, mwezi mmoja kabla hajafa. Miaka mitano hakuruhusu mtu aliguse fundo lile, maana vidole vya mwisho kuligusa vilikuwa vya mumewe. Aliogopa likifunguliwa hakutabaki kitu cha mikono yake nyumbani humo.

"Zimebaki dakika tatu, mama," fundi alisema kwa upole. "Wewe ndiye wa kuamua."

Alijikaza kisabuni. Akashika ncha ya kamba, akajiandaa kupambana nayo kwa kucha na meno, akavuta mara moja.

Fundo likafunguka lote.

Fundi alitazama kamba iliyolegea. "Huyu alifunga makusudi lifunguke kirahisi."

"Alijua vidole vyangu vinauma," mama alisema, na machozi yakamlengalenga. Miaka yote hiyo alikuwa akililinda fundo alilofungiwa ili yeye mwenyewe alifungue.

Mlingoti ulinyooka. Fundi akaigeuza antena kidogo, akakaza nati. Kutoka sebuleni, kwenye televisheni iliyoachwa na sauti ya juu tangu mchana, sauti ikapanda hadi paani, safi kabisa.

"Habari za jioni, watazamaji."

"Nzuri, mwanangu," mama akaitikia, kamba mkononi, akaanza kushuka ngazi.