Herufi ya Kwanza

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole. Kabla ya kuweka kikombe, Mama alitanguliza kidole kuitafuta meza.

Nilikuwa napiga pasi nyumbani kwake. Watu walimjua kama mke wa rais, kisha mjane, kisha balozi kwa miaka saba. Sasa alikuwa anawania kiti cha marehemu mumewe, na macho yalikuwa yanamzimikia. Katibu wake alichapa herufi ndogo kama siafu. Mimi niliishia darasa la tano, herufi zangu ni kubwa kama za ubaoni. Kwa hiyo hotuba zake tuliziandika kwa siri, juu ya meza ya pasi.

Asubuhi ya mkutano wa chama, mwenyekiti aliingia bila kubisha hodi. Ni mdogo wa marehemu.

"Shemeji, leo unajitoa. Usipojitoa, nawaambia wajumbe kwamba huoni. Jana uliniita dereva!"

"Ulinuka petroli, shemeji."

"Cheka tu. Saa nane nataka kusikia neno 'sitagombea'."

Alipotoka, Mama alipapasa meza ya pasi, akanisogezea karatasi.

"Andika, mwanangu. Ndugu wajumbe, sitagombea."

Kalamu ilinigandia mkononi.

"Andika. Ni neno moja tu."

Nikaandika.

Ukumbi ulijaa hadi milangoni. Mimi nilisimama nyuma na koti lake. Mama aliinua karatasi karibu na pua, akasoma, "Ndugu wajumbe," akanyamaza. Kidole kikapita juu ya neno, kikarudi mwanzo wake. Mwenyekiti akakohoa. Kidole kikarudi tena.

"Nitagombea," akasema.

Mwenyekiti akaruka. "Amesoma vibaya! Huyu mama haoni, ndugu zangu! Haoni!"

"Ni kweli, macho yamechoka," Mama akasema. Akaigeuza karatasi, akaiinua juu ya kichwa. "Basi nisomeeni nyinyi wenye macho."

Ukumbi mzima ukasoma, hadi watu wa milangoni: "Nitagombea!" Mwenyekiti akaketi.

Garini Mama alinishika kiganja.

"Mwanangu, ile herufi ya kwanza. Ulikosea?"

Nikatazama viatu vyangu. "Nisamehe, Mama. Shule sikumaliza."

Akacheka mpaka akafuta machozi, wala hakuniuliza tena.

Mama, sikukosea. S naijua tangu darasa la kwanza.