Hewa ya Chumba cha Eda

Sadik alichuchumaa nyuma ya nyumba, akafungua kifuniko cha valvu ya kiyoyozi na kukitia mfukoni. Odyek, mlinzi wa nyumba, alikuwa amesimama juu yake na rungu lake, macho yote kwenye vidole vya fundi.

"Toa," Odyek alisema.

"Nitoe nini, mzee?"

"Ile umeweka mfuko. Mimi nimeona."

Sadik alimtazama, akacheka puani, akatoa vilivyokuwamo: kifuniko, kitambaa cha mafuta, na peremende iliyokwisha kuyeyuka. "Nikiweka chini itapotea kwa nyasi. Halafu wewe utasema nani ameiba?"

Odyek aliona haya, lakini hakuomba radhi. Siku hiyo hakuwa na radhi ya kumgawia mtu. Tangu atoke jeshini alikuwa akilinda nyumba hii ya mtaa wa Kansanga, mali ya Hajati Latifah, mwenye malori ya kwenda Juba, na katika miaka yote hiyo haikupotea hata ndoo. Sasa kiyoyozi, kile kikubwa kinachopoza nyumba nzima kwa njia za hewa zilizopita darini, kilikuwa kinapuliza fukuto. Na wiki iliyopita jirani wa nyumba ya chini aliamka akakuta mabomba ya shaba ya kiyoyozi chake yamekatwa na kwenda zake. Hajati alikuwa amejumlisha mambo hayo mawili, na jibu alilopata lilikuwa Odyek. Asubuhi chai yake haikuletwa getini. Akufukuzaye hakwambii toka.

Ila Hajati naye hakuwa mtu wa mafumbo. Alikuwa amesema peupe kwamba fundi akikuta gesi imeibwa, Odyek alale kwingine. Na mlinzi akifukuzwa kwa wizi hapati geti jingine. Wenye nyumba hupigiana simu. Kwa hiyo uzee wote wa Odyek ulikuwa ulimini mwa huyu kijana wa Kinubi aliyetumwa kutoka duka la viyoyozi, na Odyek hakumwamini hata chembe. Muuza gesi atakosaje kusema gesi imekwisha?

Sadik alifunga geji yake ya kupima gesi, akautazama mshale ukitetereka karibu na chini kabisa. Kisha akafunua sponji iliyofunika bomba kubwa. "Gusa hapa."

Odyek aligusa, akaurudisha mkono upesi. Bomba lilikuwa jeupe kwa barafu. "Nyumba iko moto kama chapati, na huku iko barafu? Unanicheza?"

"Ndiyo maana iko moto. Mashine ya ndani imeganda, baridi haiwezi kupita. Inakuwa hivi kama gesi imepungua. Ama kama hewa haifiki kwa mashine. Moja kwa hizo mbili, mzee, na sijajua ni gani."

Odyek alitamani kumwamini. Hilo lilimkasirisha zaidi.

Hajati Latifah alitokea mlango wa jikoni, simu mkononi, ushungi umelowa jasho. "Umepata? Ni gesi?"

"Sijafika huko, Hajati. Hewa inarudi kwa mashine kupitia wapi?"

"Kwa Mama. Ile mdomo kubwa ya chini, ukutani."

Sadik akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amelelewa katika nyumba za namna hii, hakuhitaji kuelezwa. Tangu Mzee Abudu, baba yake Hajati, azikwe, mjane wake, Mama Habibah, alikuwa akikaa eda katika kile kilichokuwa chumba cha kupumzikia cha Mzee, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake hakukanyaga humo wala kumtia machoni.

"Mimi mwenyewe nimeingia leo nikaangalia," Hajati alisema. "Safi. Hakuna kitu mbele yake."

"Na ndani, kwa chujio?"

"Nimekwambia safi! Au mimi sioni?"

Sadik alikuna shingo. "Basi, kama hewa inapita, inabaki gesi."

"Na bomba halijakatwa."

"Halijakatwa. Lakini Hajati, gesi inaweza kuvuja pole pole yenyewe..."

"Gesi haina miguu." Hajati alikuwa amekwisha kumgeukia Odyek. "Kikulacho ki nguoni mwako. Alifungua usiku, akauza, akarudi kunisalimia 'Hajati, umeamkaje.' Leta ufunguo ya geti."

"Madam, mimi niliapa kwa bendera. Siwezi..."

"Ufunguo, Odyek."

Alimkabidhi. Sadik alijitia kushughulika na geji. Hajati akaingia zake ndani, akaketi sebuleni, milango yote wazi kwa joto.

Odyek alipaswa kwenda kibandani kukusanya vitu vyake. Lakini barafu ile ilikuwa imemganda kichwani. Gesi, ama hewa. Gesi hakuigusa, hilo alilijua kuliko alivyolijua jina lake. Basi ilibaki hewa, na hewa ilikuwa nyuma ya mlango ambao wanaume wote walikuwa wameuheshimu bila kuuliza swali. Alizunguka kwa mlango wa nyuma, akavua viatu, akapita ukumbini, akaketi sakafuni mgongo ukiuelekea mlango wa eda, uso ukutani.

"Mama. Ni Odyek, wa geti."

Tasbihi iliyokuwa ikigonga ndani ikanyamaza.

"Mama, ndani ya ile mdomo ya hewa, kuna kitu?"

"Nani amekutuma? Latifah?"

"Hapana. Latifah ananifukuza. Anasema nimeuza gesi ya AC."

Joto lilikuwa likipenya chini ya mlango. Odyek akawaza kwamba pengine bibi huyu naye ataamini, na ya nini asiamini.

"Hiyo mashine inavuta, Odyek," sauti ilisema hatimaye. "Mchana inavuta, usiku inavuta. Na mimi niko na eda. Hakuna udi, hakuna manukato, hakuna chochote. Harufu moja tu imebaki humu, ya nguo za Mzee. Ile tumbaku yake. Ile sabuni. Kila nikiamka imepungua. Nikaona, banange, jamani, hii mashine inamtoa mume wangu humu kidogo kidogo. Nikafungua ile mdomo, nikaweka kanzu yake ndani, nikafunga. Sikujua itaharibika. Wallahi sikujua."

Odyek aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja kuchukua alichokuja kuchukua, na sasa moyo ulimuuma kukichukua.

"Wakati Acayo, mke wangu, alikufa," alisema, "mimi nililalia blanketi yake. Nililalia mpaka ikawa inanuka mimi tu."

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikaiosha, Mama."

Vibanio vya chuma vya mdomo wa hewa vililia, kimoja, kisha kingine. Mlango ukafunguka upenyo, na bila kugeuka Odyek akahisi kitambaa kizito kikiwekwa begani mwake.

Sadik alipoiona kanzu, imevimba kwa unyevu na kujaa vumbi la kijivu, alishusha pumzi ndefu. Alizima mashine yote, akasubiri mpaka barafu iyeyuke. Maji yalidondoka darini hadi baada ya adhuhuri. Odyek ndiye aliyeipeleka kanzu sebuleni, akaiweka mezani karibu na ufunguo wa geti.

"Ni hii ilikuwa inaziba hewa. Mama aliweka."

Hajati aliitambua kanzu kabla hajaigusa. Aliitazama, akamtazama Odyek, na uso uliokuwa umeanza kulegea ukakaza upya. "Umejuaje? Wewe umeingia kwa Mama?"

"Sikuingia."

"Mjane wa baba yangu, na eda yake, wewe umemwona?"

"Niliangalia ukuta, Madam. Alinipa kwa mlango."

"Nani anashuhudia hiyo?"

Odyek aliutazama ukumbi mtupu nyuma yake. Hakuna aliyeshuhudia. Aliondolewa tuhuma ya wizi, na palepale akavishwa kosa kubwa kuliko wizi, na hili lisingepimwa na geji ya fundi yeyote. Alirudi nyuma mpaka kizingitini mwa mlango wa nje, akiwa na hasira iliyochoka.

Nyuma ya nyumba Sadik aliwasha kiyoyozi. Dari ikanguruma, matundu yakakohoa vumbi, kisha hewa ikaanza kushuka, kwanza vuguvugu, halafu baridi. Ilikuwa imevutwa moja kwa moja kutoka chumbani mwa Mama, kutoka kwenye nguo zote zilizotundikwa humo, na ilishuka na tumbaku, na sabuni ya mche, na kitu kingine kisicho na jina kilichokuwa Mzee Abudu mwenyewe.

Hajati Latifah aliinua uso. Ushungi ukamteleza mabegani, asiurudishe.

"Baba," alisema.

Alisogea mpaka chini ya tundu, akasimama hapo macho yamefumbwa, mikono imelegea kama ya mtoto anayevalishwa nguo. Odyek hakujua atazame wapi. Upepo wa mchana uliingia kwa nyuma yake, ukatikisa pazia.

"Odyek," Hajati alisema bila kugeuka, kwa sauti ndogo. "Funga mlango. Harufu inatoka."

Akashika kitasa. Ufunguo wa geti ulikuwa bado mezani. Alisimama pale, mguu mmoja kwenye vigae, mguu mmoja kwenye vumbi, asijue aufunge mlango akiwa ndani au akiwa nje.